Kuhamisha kanda za safari za familia hapa Dar: nani anaifanya vizuri, na sauti inapotelea wapi

Droo ya chini ya kabati la sebuleni: kanda sita za VHS, mbili ndogo za kamera, bahasha ya negativu, na deki iliyokufa zamani. Nyumba nyingi za Dar ambazo baba au mama aliwahi kusoma au kufanya kazi nje zina mzigo wa namna hii. Ndani yake kuna safari ya kiangazi, watoto wakiwa na makoti makubwa kuliko wao, na bibi aliyekuja kuwatembelea mara moja tu akapelekwa kuona maporomoko ya Niagara. Maporomoko yenyewe utayapata kwenye simu wakati wowote. Sauti ya bibi akiuliza maji yote haya yanakwenda wapi haipo popote duniani isipokuwa kwenye kanda hiyo.

Kwa hiyo tunaipima huduma ya kuhamisha kanda, yaani kugeuza kilichomo kiwe faili la kompyuta, kwa swali moja: je, sauti na picha vinatoka vizima, tangu mwanzo hadi mwisho, bila mtu kutia mkono wake? Hapa mjini huduma inapatikana kwa njia tatu: studio za harusi na picha za paspoti, mafundi wa televisheni na redio wa Kariakoo na mitaani, na kujifanyia mwenyewe nyumbani. Hatutaji duka lolote. Duka lilelile likibadilisha fundi linakuwa duka jingine, na anayeamua ubora wa kazi hii ni fundi na deki yake.

Tuanze na kinachoangusha kazi nyingi kabla hata haijaanza, yaani mfumo wa rangi. Kanda iliyorekodiwa kwa kamera ya Marekani, Kanada au Japani ni NTSC: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde. Ya Uingereza, India au Oman ni PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde, na huo ndio mfumo wa televisheni za kwetu. Waliosoma Umoja wa Kisovieti, Ujerumani Mashariki au Ufaransa wanaweza kuwa na SECAM. Kanda ya NTSC ukiiweka kwenye deki ya PAL pekee, picha inapanda juu bila kutulia na sauti inakwenda mbio mbio au inakuwa nzito. Ya SECAM itacheza vizuri tu, ila nyeusi na nyeupe. Fundi asiyejua atakuambia kanda imeharibika kumbe ni nzima kabisa, na familia itaitupa.

Kinachoamua mfumo ni kamera ilinunuliwa wapi, safari ilikwenda wapi haihusiki. Familia iliyoishi London ikaenda kutembea New York ilirudi na kanda ya PAL. Dalili ipo kwenye lebo ya kanda. Kanda ya VHS iliyoandikwa E-180 iliuzwa kwenye nchi za PAL na SECAM, iliyoandikwa T-120 iliuzwa kwenye nchi za NTSC. Kwenye kanda ndogo za Video8 na Hi8, P5 ni ya PAL na P6 ni ya NTSC. Si uthibitisho wa mwisho, maana watu walinunua kanda tupu popote walipopita, lakini inakutosha kumwambia fundi aanze wapi.

Deki za mifumo mingi zipo. Wengi walikuja nazo kutoka Ghuba, na televisheni ilipoanza Bara mwaka 1994 zilikuwa tayari zimekaa sebuleni miaka kadhaa zikicheza kanda tu. Angalia mbele ya deki. Ikiandikwa kwamba inacheza NTSC kwenye televisheni ya PAL, ujue inatoa mseto unaoitwa PAL 60. Televisheni inaukubali, lakini vifaa vingi vya kunasia picha kwenye kompyuta vinaukataa, au vinaunasa bila rangi. Unahitaji deki yenye swichi ya kutoa NTSC halisi. Ukiuliza swali hili dukani na fundi akakutazama kama umezungumza Kichina, chukua kanda zako za Marekani uondoke nazo. Za PAL anaweza kuzifanya salama.

Studio za harusi ndizo zinazoonekana za kisasa kuliko zote, na kwa kanda za MiniDV tunazipendekeza kwa moyo mmoja. Miaka ya 2000 walirekodi harusi kwa MiniDV, kwa hiyo kamera zenyewe bado wanazo, na baadhi yao wana kompyuta ya zamani yenye tundu la FireWire, la kupitishia data moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Hilo ndilo la kuuliza. MiniDV tayari ni dijitali, na kuihamisha ni kunakili data tu, saa moja ya kanda ikitoa faili la takriban GB 13 lisilopungua ubora hata chembe. Zaidi ya hapo, ndani ya data hiyo kuna tarehe na saa ya kila tukio, kama saa ya kamera iliwekwa sawa. Ukihamisha MiniDV kwa waya wa njano, nyeupe na nyekundu, tarehe zote zinapotea na picha inashuka daraja bila sababu yoyote. Studio ikisema inatumia waya wa AV kwa MiniDV, si mahali pake. Kama kanda ilirekodiwa kwa mwendo wa LP ili kuongeza muda, peleka na kamera iliyoirekodi ikiwa bado inawaka, kwa sababu kamera nyingine mara nyingi itaisoma na viraka vya mraba na sauti ya kukatika katika.

Kwa VHS, studio hizohizo zinatusikitisha. Wamezoea harusi, na mkono wa harusi hauachi kanda ikapumua. Utapewa safari ya familia iliyokatwa sehemu ambazo mhariri aliona hazina jambo, yaani dakika nne za barabarani ambazo baba anasikika akisoma ramani na mama akimrekebisha. Juu yake watapaka muziki ili ipendeze, na mwanzoni kutakuwa na maua yanayofunguka. Halafu picha inavutwa ijaze skrini ya siku hizi. VHS ni 4:3. Ukiivuta kuwa 16:9 watu wote wananenepa, na ukiikata juu na chini unaondoa vichwa vya waliosimama. Wanafanya hivi kwa nia njema, na ndiyo maana ni lazima useme mapema, tena kwa maandishi kwenye karatasi ya kupokelea mzigo: kanda nzima, usikate, usiongeze muziki, usivute picha, acha sauti yake. Ukitaka kipande kizuri cha kuonyesha kwenye mkusanyiko wa ukoo, kitengenezwe baadaye kutoka kwenye faili zima.

Kataa pia kupewa DVD pekee. Diski moja ya GB 4.7 inabeba saa moja ya video kwa ubora mzuri, saa mbili kwa ubora wa kuvumilika. Anayekuwekea kanda ya saa tatu kwenye diski moja ameibana mpaka nyuso zimekuwa ukungu wa vipande. Wapo ambao bado wanachoma CD za video, ambazo kwa PAL zina nukta 352 kwa 288, robo tu ya kile kinachopaswa kunaswa. Omba faili kwenye flashi au hard disk yako mwenyewe, nukta 720 kwa 576 kwa PAL na 720 kwa 480 kwa NTSC.

Mafundi wa mitaani ni habari nyingine. Tunawapa alama ya juu kwa jambo ambalo studio haziwezi: kuifanya kanda na deki zifanye kazi. Hakuna deki mpya ya VHS inayotengenezwa tena. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, ilisimama Julai 2016. Deki nzuri sasa ni ile iliyofunguliwa na mtu anayejua, vichwa vinavyosoma utepe vikasafishwa kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, mpira uliolegea ukabadilishwa, rola ya kubana kanda ikaondolewa uchafu mweusi. Fundi mzuri utamtambua kwa anavyoshika kichwa cha deki: anaweka kitambaa kilicholowa kikiwa kimetulia na kuzungusha ngoma yenyewe inayobeba vichwa kwa kidole. Anayesugua juu na chini kwa kijiti cha pamba atavunja ncha za vichwa, na hizo hazirudi.

Adui mkubwa wa kanda hapa kwetu ni unyevu. Hewa ya pwani, droo isiyofunguliwa miaka ishirini, na masika juu yake. Kabla hujampa mtu yeyote kanda, fanya ukaguzi huu mwenyewe. Shika VHS, bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, inua kile kifuniko cha mbele na utazame utepe wenyewe. Unatakiwa kuwa mweusi wa kahawia na unaong'aa sawasawa. Kisha geuza kanda utazame roli kupitia dirisha la plastiki. Ukiona vumbi jeupe kama unga wa sembe limekaa kwenye kingo za roli, mara nyingine likiwa na umbo la duara duara, huo ni ukungu. Kanda hiyo isiingizwe kwenye deki yoyote. Ukungu utachafua vichwa, utasababisha utepe ukwame na kukunjika, na kwa deki hiyohiyo utahamia kwenye kanda za mteja anayefuata. Fundi akikuambia "tuijaribu tu tuone", mzuie kwa heshima.

Kanda yenye ukungu inakaushwa kwanza: iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko mkavu pamoja na pakiti nyingi za zile chembe za kufyonza unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, wiki moja au zaidi. Usiiweke juani wala karibu na jiko, na usimsikilize anayesema uioke kwenye oveni. Ikishakauka, fundi anazungusha utepe taratibu ukipita kwenye kitambaa kikavu, akiwa na barakoa na dirisha wazi, kwa deki aliyoitenga kwa kazi hiyo peke yake. Kazi hii inatozwa tofauti na kuhamisha, na ni haki yake.

Boma la kanda, yaani kasha lake la plastiki, likiwa limepasuka, haina shida. Chini ya VHS kuna skrubu tano. Fundi anahamisha roli zote mbili kwenye boma la kanda nyingine isiyo na thamani. Utepe uliokatika unaungwa kwa utepe maalumu wa gundi, upande wa nyuma, na unapoteza sekunde chache tu za tukio. Asitumie selotepu ya dukani. Gundi yake inatoka jasho kwa joto la Dar, na siku ya kucheza inaganda kwenye vichwa.

Pale mafundi wanapoanguka ni upande wa kompyuta. Wengi wana kile kidude cha USB cha bei ya chini, kimechomekwa kwenye kompyuta mpakato iliyochoka, na programu imeachwa kwenye mpangilio ilivyotoka kiwandani. Matokeo yake yanajulikana: dakika kumi za kwanza ziko sawa, saa ya pili midomo na sauti vimeachana. Sababu ni kwamba ishara ya kanda ya zamani inayumba. Kila inapoyumba, kifaa kinadondosha picha moja mbili, huku sauti ikiendelea kama kawaida. Picha zilizodondoka zikijumlishwa, bibi anaongea baada ya kufunga mdomo. Dawa ni deki yenye kirekebisha muda ndani yake, au kupitisha ishara kwanza kwenye rekoda ya DVD ya zamani ambayo inaituliza kabla haijafika kwenye kompyuta. Rekoda hizo bado zinazunguka kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika, na ni manunuzi yenye maana kuliko kidude cha pili cha USB.

Kosa lingine la hapo ni sauti ya upande mmoja. Kamera nyingi za nyumbani zilirekodi mono, deki ikaitoa kwenye waya mweupe, na mwekundu ukabaki kimya. Ukisikiliza kwa spika ya simu hutagundua, ukivaa spika za masikioni unasikia sikio moja tu. Ni dakika moja ya kazi kuisawazisha, lakini ni lazima mtu aisikilize kwanza.

Hesabu ya muda inakusaidia kumjua mkweli. Kanda inahamishwa kwa mwendo wa kucheza, hakuna njia ya mkato. Kanda kumi za saa tatu ni saa thelathini. Duka lenye deki moja linalokuahidi kanda kumi kesho asubuhi litakatisha mahali. Uliza wana deki ngapi, na wanatoza kwa kanda au kwa saa. Kwa kanda za kamera ambazo nyingi zina dakika 20 hadi 40 tu za matukio, bei ya kwa saa ina unafuu. Kwa E-180 zilizojaa hadi mwisho, bei ya kwa kanda ni bora. Na kabla hujalipa salio, fungua faili palepale dukani, mahali pa tatu: mwanzo, katikati, na dakika tano za mwisho, ukimtazama mtu anayeongea. Midomo na sauti vikiachana, itaonekana hapo mwishoni.

Kwa hiyo hukumu yetu, kwa VHS na Hi8, ni mchanganyiko: fundi wa mtaani asafishe deki na kanda, halafu unasie nyumbani mwenyewe. Si kazi ngumu, inataka utulivu. Deki, rekoda ya kutuliza, kifaa cha kunasia, kompyuta yenye nafasi. Programu ya bure ya OBS inatosha. Kwa kanda za PAL iwekee nukta 720 kwa 576, na irekodi kwa aina ya faili ya MKV, usianze na MP4. Umeme ukikatika katikati, faili la MP4 la kawaida huenda lisifunguke tena, la MKV linabaki na kila kilichorekodiwa mpaka sekunde ile, nawe unaligeuza kuwa MP4 baadaye bila kupoteza ubora. Deki nayo iwe kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, maana ikizimika utepe ukiwa umezungushwa kwenye ngoma, umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuukunja. Kuondoa ile mistari ya kuchana picha inayoonekana mtu anapokimbia, chagua njia inayotoa picha 50 kwa sekunde. Ile ya 25 inapoteza nusu ya mwendo, na watoto wanaokimbia ufukweni wanakuwa kama wanaruka ruka. Kile kipande cha chini kinachocheza cheza kama nyasi kiache. Kipo kwenye kila VHS, na televisheni za zamani zilikificha nyuma ya fremu.

Kanda iliyokaa miaka mingi, kama haina ukungu, ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, ili mizunguko ya utepe iachane, kisha ujikaze upya. Usipige pozi kuangalia uso wa mtu wakati wa kunasa. Vichwa vinasugua mahali palepale. Angalia kwenye faili.

Picha za karatasi na slaidi hazina makuu. Skana ya mezani, nukta 600 kwa inchi kwa picha ya 10 kwa 15, inakupa picha ya kutosha hata kuikuza mara mbili. Negativu na slaidi 2400 kwenda juu. Skana zenye usafishaji wa vumbi kwa mwanga usioonekana ni msaada mkubwa kwa filamu ya rangi, lakini zima kazi hiyo kwa negativu nyeusi na nyeupe na kwa slaidi za Kodachrome, kwa sababu fedha na rangi zake zinazuia mwanga huo na nyuso zinatoka zimekwanguka. Picha zilizong'ang'ania kwenye zile albamu zenye gundi, pitisha uzi wa meno chini yake taratibu kama unayekata maandazi kwa uzi. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue. Iskani ikiwa kwenye kioo chake.

Njiani, usiache mzigo kwenye buti la gari juani hata kwa nusu saa, na usiuweke juu ya spika. Dukani, sema faili zifutwe kwenye kompyuta yao baada ya wewe kuhakiki. Ndani mna watoto wanaooga na watu wazima waliokuwa wanajua wanachekwa na familia pekee.

Kanda yenyewe usiitupe baada ya kuhamisha. Faili likae sehemu mbili, moja iwe nje ya nyumba hiyo, na kwa ndugu walioko mbali tuma kiungo au tuma kama hati kwenye WhatsApp, kwa sababu ukituma kama video inabanwa upya. Halafu fanya upesi jambo moja ambalo hakuna duka linaloliuza: mkalishe mama au mjomba mbele ya skrini, weka simu irekodi, na umwache ataje nani ni nani. Yule mwenye koti la kijani anayebeba mtoto mgongoni hana jina kwenye lebo, na lebo imeandikwa kwa kalamu ya wino iliyofifia: Blackpool, Agosti, sisi sote.